Turbo ya oili peke yake au ya oili na maji? Tazama kwanza unavyozima injini

Turbo mbili zimelala juu ya meza ya kazi. Magari zilikotoka yaliletwa na malalamiko yaleyale: moshi wa bluu nyuma, mluzi ambao zamani haukuwepo, na nguvu kuisha gari likianza kupanda mlima. Ya kwanza ina matundu mawili katikati ya kiwiliwili chake, dogo juu la kuingizia oili na kubwa chini la kuitolea. Ya pili ina manne, na yale mawili ya ubavuni ni ya maji. Mwenye gari la kwanza anataka kujua kama akinunua nyingine atafute yenye maji. Mwenye gari la pili amekasirika, maana aliambiwa yenye maji haifi.

Nilizifungua zote. Kwenye ya kwanza, shafti ilikuwa na pete nyeusi upande wa ekzosi, ngumu kama ukoko ulioshikana na sufuria. Nilijaribu kuikwangua kwa ukucha ikakataa. Kwa kisu ikatoka vipandevipande. Kwenye ya pili hapakuwa na ukoko hata chembe, ila pale zinapokaa bushi, zile pete zinazoishika shafti, chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya samawati, na bushi zenyewe zimelika upande. Ya kwanza iliuawa kidogokidogo, kila mara injini ilipozimwa ikiwa moto. Ya pili ilikufa injini ikiwa kazini, kwa kukosa oili. Maji yangeiokoa ya kwanza. Ya pili ilikuwa nayo, na hayakuisaidia kitu.

Oili ina kazi mbili, maji yana moja

Ndani ya turbo kuna shafti moja yenye feni kila mwisho. Moshi wa ekzosi unasukuma feni ya upande mmoja, na ya upande wa pili inavuta hewa na kuishindilia kwenye injini. Wazo hili ni la zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliombea hataza mwaka 1905. Ugumu wake uko katikati, pale shafti inapopita.

Turbo ya gari dogo huzunguka mara 150,000 kwa dakika bila kushangaza mtu, na zilizo ndogo zaidi huvuka 200,000. Chukua hiyo 150,000: ni mizunguko 2,500 kwa sekunde moja. Chuma kikisuguana na chuma kwa kasi hiyo hakiishi. Kwa hiyo shafti haigusi bushi. Inaelea juu ya utando wa oili, na bushi nayo inaelea ndani ya nyumba yake juu ya utando mwingine. Mianya yenyewe ni ya sehemu za mia za milimita. Oili ikikatika kwa sekunde 5 tu, shafti imeshazunguka mara 12,500 bila kinga.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya oili. Ya pili ni kubeba joto. Kwenye dizeli iliyobeba mzigo, moshi unaoingia kwenye turbo hufika nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi. Kwenye petroli hufika 950 na hata kupita 1,000. Joto hilo linatambaa kwenye shafti kuja katikati, na oili inayopita ndiyo inayolipokea na kushuka nalo hadi sampu, bakuli la oili chini ya injini. Maadamu injini inazunguka na pampu inasukuma, mpango huu unatosha, hata kwa turbo isiyojua maji ni nini.

Shida inaanza unapogeuza ufunguo. Pampu ya oili inasimama papo hapo, lakini manifoldi (mkusanyo wa paipu za moshi kwenye injini) na nyumba ya ekzosi ni chuma kizito kilichojaa moto, na moto huo lazima uende mahali. Unapita kwenye shafti. Ndiyo maana sehemu ya katikati ya turbo huweza kuwa na joto kali zaidi dakika chache baada ya kuzima kuliko ilivyokuwa gari likikimbia. Oili iliyobaki pale ni matone tu, yamesimama, hayana pa kukimbilia. Yakivuka nyuzi 250 au 300 hivi, sehemu nyepesi zinaruka kama mvuke na kinachobaki kinaganda kuwa ukoko. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka njia ya oili inakuwa nyembamba, na ile pete ya kuzuia oili iliyo nyuma ya feni ya ekzosi inakwama kwenye mfereji wake. Hapo ndipo moshi wa bluu unapoanza.

Turbo yenye maji ina koti linalozunguka beringi, yaani zile bushi zinazoishika shafti. Injini ikizimwa, maji yaliyomo yanapata moto, yanakuwa mepesi na kupanda kwenye mpira wa kutokea, na yenye ubaridi yanaingia kwa chini kujaza nafasi. Hakuna pampu inayosukuma. Hata yakichemka si balaa, kwa sababu mvuke unapopanda unaondoka na joto jingi mno. Kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, chini ya kifuniko cha rejeta chenye mgandamizo wa bar 1 hivi, huchemka karibu na nyuzi 130. Maana yake beringi imezungukwa na kitu ambacho hakipandi sana juu ya hapo, mbali kabisa na joto la kutengeneza ukoko.

Kwa ufupi, kwenye jedwali:

| | Oili peke yake | Oili na maji |
|---|---|---|
| Kinachopoza injini ikifanya kazi | Oili | Oili, maji yakisaidia |
| Kinachopoza baada ya kuzima | Hewa ya pembeni tu | Maji yanayojizungusha |
| Mipira na paipu | Ya kuingia na ya kutoka | Minne, yote karibu na moto |
| Kinachoiua haraka | Kuzima ikiwa moto, oili mbaya | Oili kutofika, maji kupungua, hewa kunaswa |
| Inahitaji nini kwa dereva | Uvumilivu wa dakika chache | Kuangalia tanki la kulanti |

Mahali oili peke yake inatosha

Kuna watu wakishaelewa habari ya ukoko wanaiona turbo isiyo na maji kama kitu duni. Si hivyo. Injini kubwa za dizeli za malori, matrekta na jenereta zimefanya kazi na turbo za namna hiyo kwa miongo mingi, na sababu zinaeleweka. Moshi wa dizeli una joto la chini kuliko wa petroli. Sampu ni kubwa, kwa hiyo oili ya kubeba joto ipo ya kutosha. Na injini hizi hazizimwi ovyo: zinawashwa asubuhi, zinafanya kazi saa nyingi, kisha zinapumzishwa. Vitabu vingi vya injini za namna hii vinaagiza kuacha injini ingurume taratibu bila mzigo dakika 3 mpaka 5 kabla ya kuzima baada ya kazi nzito. Dereva anayefuata agizo hilo ameshafanya kazi ambayo maji yangeifanya.

Tena kila kiungo kinachoongezwa ni kiungo kinachoweza kuvuja. Turbo ya oili peke yake ni rahisi kufunga, rahisi kukagua, na ikileta shida unajua pa kutazama.

Siku hizi hata malori yameanza kuchanganya. Turbo zenye mabawa yanayojipanga upande wa ekzosi huendeshwa na mota ya umeme iliyobandikwa ubavuni, na umeme haupendi moto, kwa hiyo baadhi yake zinapitishiwa maji ili kuilinda mota hiyo. Ukiona mpira wa maji unaingia kwenye mota na si kwenye beringi, usidhani fundi wa kwanza alikosea.

Na kwenye boti na meli maji yana sababu nyingine tena. Kanuni za usalama wa meli za SOLAS zinataka sehemu zenye joto la zaidi ya nyuzi 220, zinazoweza kurukiwa na mafuta yakivuja, zifunikwe vizuri. Ndiyo sababu mojawapo utakuta turbo za baharini zenye koti la maji mpaka kwenye nyumba ya ekzosi. Turbo kama hiyo usiifunge kwenye gari kwa kudhani umepata bora zaidi. Joto la moshi ambalo feni ilipaswa kulitumia linaishia kwenye rejeta.

Petroli: hapa sioni mjadala

Kwa injini ya petroli, nunua yenye maji na uyaunganishe maji. Nyuzi 1,000 ni kiasi ambacho chuma cha manifoldi kinang'aa chekundu gizani. Safari ya barabara kuu inayoishia kwenye kituo cha mafuta ndiyo mtihani mbaya kuliko yote: kilomita mia moja kwa kasi, kisha kona, breki, ufunguo. Injini haikupata hata dakika moja ya kupumua. Kwenye turbo ya oili peke yake, vituo kama hivyo vikijirudia vinatosha kuanza kujenga ukoko, hasa kama oili ni ya kawaida.

Magari mengi mapya ya petroli yana pampu ndogo ya umeme inayoendelea kusukuma maji baada ya kuzima. Ukisikia mvumo chini ya boneti dakika kadhaa baada ya kushuka, gari liko sawa. Usiende kung'oa waya wa betri kwa hofu. Nimewahi kukuta fyuzi ya pampu hiyo imetolewa makusudi kwa sababu mwenye gari alichoshwa na kelele; turbo yake ilikuwa imeanza kutoa moshi.

Beringi za gololi ziko kwenye kundi hilohilo. Zinazunguka kwa wepesi kuliko bushi na turbo inaamka mapema, lakini zinahitaji oili kidogo tu, na oili kidogo inabeba joto kidogo. Kwa hiyo maji kwake ni lazima. Nyingi zinahitaji pia kizuizi chenye tundu la milimita 1 hivi kwenye njia ya oili ya kuingia, la sivyo oili inazidi na kupenya kwenye pete. Kizuizi hichohicho ukikihamishia kwenye turbo ya bushi unaweza kuiua kwa kiu. Soma karatasi ya turbo yenyewe, si ya ile ya jirani.

Maji yana gharama yake

Nilichosema mpaka sasa kinafanya maji yaonekane kama dawa. Ukweli ni kwamba turbo yenye maji imeunganishwa na afya ya injini nzima. Mpira wa maji unaopita karibu na manifoldi unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka. Tone moja kwa saa halionekani chini, linakauka juu ya chuma cha moto kabla halijaanguka. Kulanti inapungua, siku moja injini inachemsha, na badala ya kununua turbo unanunua gasketi ya silinda hedi. Turbo ya oili peke yake haikufanyii hivyo.

Halafu kuna namna ya kuyapitisha. Maji hujizungusha yenyewe pale tu njia inapopanda kutoka kwenye turbo bila kukatizwa. Mpira wa kutokea ukipanda, ukashuka, kisha ukapanda tena, ule mgongo wa katikati unanasa mvuke, na mvuke ulionaswa ni kizibo. Ingizo liwe chini, tokeo liwe juu, na tanki liwe juu ya vyote. Garrett, watengenezaji wa turbo, hushauri sehemu ya katikati izungushwe nyuzi 20 hivi kwenye mhimili wa shafti, ili tundu la kutokea maji likae juu ya lile la kuingilia. Ukimaliza kufunga, toa hewa yote kwenye mfumo. Koti la turbo lenye hewa ndani halina tofauti na lisilo na maji.

Na usitie maji ya bomba. Njia za ndani ya koti ni nyembamba, na chokaa na kutu hukaa kwenye kuta zake kama tabaka la ndani ya birika. Tabaka hilo linazuia joto lisiingie kwenye maji. Kulanti yenye dawa ya kutu, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, inabadilishwa kwa muda uliopangwa hata kama bado ina rangi nzuri.

Swali moja linarudi kila mara: turbo mpya ina matundu ya maji, ya zamani haikuwa nayo, je, niyaache? Kama ni ya gololi au ya petroli, usiyaache. Kama ni ya bushi na mtengenezaji anaruhusu itumike kwa oili tu, sawa, ila usiyazibe yote mawili huku maji yamebaki ndani. Maji yaliyofungiwa kwenye chuma cha moto yanatafuta njia ya kutoka kwa nguvu.

Na kinyume chake: turbo yako ya zamani haina koti, unataka kuongeza maji? Koti liko ndani ya chuma kilivyosubuliwa, huwezi kulichonga baadaye. Ingebidi ubadilishe sehemu yote ya katikati. Kwa dizeli inayotembea vizuri, ningeweka fedha hiyo kwenye oili bora na filta.

Oili ipi

Hapa ndipo uchaguzi wa maana kuliko maji ulipo, na ndipo wengi wanapobana matumizi.

Oili ya madini na ya sintetiki zote zinalainisha. Tofauti inaonekana kwenye joto. Kuna kipimo kiitwacho Noack: oili inapashwa nyuzi 250 kwa saa 1, kisha wanapima ni asilimia ngapi imeruka. Kwa daraja la C3 la ACEA, chama cha watengeneza magari wa Ulaya, kinachoruka hakipaswi kuzidi asilimia 13. Zingatia zile nyuzi: ni joto lilelile la kutengeneza ukoko. Karatasi ya oili yenye namba ndogo ya Noack inakuambia jambo la moja kwa moja kuhusu turbo yako, hasa kama haina maji. Kwa mwenye turbo ya oili peke yake, sintetiki halisi si anasa.

Uzito wa oili ni jambo la pili, na kosa lake ni la nia njema. Injini imechoka kidogo, mtu anaacha 5W-30 iliyoandikwa kwenye kitabu anatia 20W-50, iliyo nzito zaidi, "ili ijaze mianya". Asubuhi ya baridi oili hiyo inachelewa kufika kwenye turbo, iliyo mbali na juu, huku shafti imeshaanza kuzunguka. Fuata namba ya kitabu, na ukiwasha injini usipige resi. Subiri nusu dakika.

La tatu ni muda wa kubadilisha. Dizeli yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi huchoma masizi hayo kwa kuongeza mafuta, na safari fupifupi zinafanya sehemu ya dizeli iteremke kwenye sampu na kuilegeza oili. Ukiona kiwango cha oili kinapanda kwenye kijiti badala ya kushuka, usifurahi. Badilisha. Oili iliyozidi kiwango ina ubaya mwingine pia: inaziba mdomo wa paipu ya kurudishia, oili inarudi nyuma ndani ya turbo, inavuja kwenye pete, na turbo nzima inahukumiwa bure.

Paipu hiyo ya kurudishia inastahili kutazamwa zaidi ya inavyotazamwa. Oili inaingia kwenye turbo kwa mgandamizo lakini inatoka kwa uzito wake tu, tena ikiwa na mapovu. Ndiyo maana tundu la kutoka ni kubwa mara kadhaa kuliko la kuingia. Ikipinda, ikibonyea, ikilala badala ya kushuka, turbo itatoa moshi hata ikiwa mpya kabisa. Vilevile bomba la kupumulia la injini likiziba, mgandamizo unaojaa ndani ya sampu unaizuia oili isishuke.

Ile ya pili ilikufaje

Ngoja niirudie ile turbo ya samawati. Kumbe haikuwa ya kwanza kwenye gari hilo. Nyingine ilibadilishwa miezi michache nyuma. Turbo mpya, maji yameunganishwa vizuri, kulanti safi, oili mpya. Fundi wa kwanza alifanya karibu kila kitu.

Nilifungua bolti inayoleta oili kwenye turbo, ile yenye tundu katikati inayopita kwenye jicho la paipu. Ndani yake, kama ilivyo kwenye baadhi ya injini, kulikuwa na wavu mdogo wa kuchuja. Nikauinua kwenye mwanga. Badala ya kuona vitundu niliona kizibo cheusi, na mahali pamoja tu, kama ncha ya sindano, palipitisha mwanga. Huo ulikuwa ukoko wa turbo iliyotangulia, uliokuwa ukisafiri na oili. Turbo mpya iliwekwa kwenye koo lililozibwa tayari.

Ilikuwa na kosa la pili pia: kwenye gasketi ya paipu ya oili kulikuwa na silikoni, na uzi wake mmoja ulikuwa umeingia ndani ya njia. Silikoni haitakiwi kwenye njia yoyote ya oili ya turbo. Gasketi yake na washa mpya za shaba zinatosha.

Kwa hiyo unapobadilisha turbo, iwe ya maji au isiyo na maji, kuna kazi zisizorukwa. Paipu ya kuleta oili na bolti yake vinanunuliwa vipya. Kuosha hakutoi ukoko wa ndani. Oili na filta vinabadilishwa. Kabla ya kufunga paipu, mimina oili safi kwenye tundu la juu huku ukizungusha shafti kwa kidole mpaka ionekane chini. Kisha zungusha injini kwa stata bila kuiacha iwake, mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe, uiache ingurume taratibu dakika kadhaa.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji kifaa. Paipu ya kurudishia ikiwa imefunguliwa, weka chombo chini yake, mwambie mwenzako azungushe stata. Oili inatakiwa ishuke mfululizo. Ikidondoka tonetone, usiiwashe injini hiyo.

Ukinunua turbo iliyotumika, kuna mtego mmoja kwenye kuichagua. Watu wanaishika shafti na kuitikisa juu na chini. Ikicheza wanasema imelegea. Turbo ya bushi isiyo na oili ndani lazima icheze kidogo namna hiyo, utando unaoishika haupo. Sukuma na kuvuta shafti kwa urefu wake. Huko ikicheza kiasi cha kuhisiwa waziwazi na kidole, iache. Na tazama kuta za nyumba: feni ikiwa imeshakwaruza, imekwisha. Kwenye yenye maji, chungulia matundu ya ubavuni. Kutu nene humo ni ushahidi wa mtu aliyetia maji ya bomba miaka yote.

Kuipoza: dereva au taima

Kwa asiye na maji, kuna njia tatu za kufidia. Taima ya turbo inaacha injini iwake baada ya kuondoa ufunguo. Inafanya kazi, lakini gari linalounguruma peke yake ni kishawishi kwa mwizi, na sheria za nchi kadhaa zinakataza kuliacha hivyo. Kusubiri dakika 1 au 2 ukiwa umekaa ndani ni bora, kwa gari dogo. Njia ninayoipendekeza haina gharama wala haikuchukulii muda: endesha kilomita 2 za mwisho kwa upole, gia ya juu, bila kukanyaga sana. Moshi unapoa, oili inaendelea kupita kwa wingi, hewa inapita chini ya boneti, na ukifika unaweza kuzima karibu mara moja.

Lakini usizidishe kusubiri. Dizeli inayoachwa ingurume taratibu nusu saa ili "turbo ipoe" inajiumiza. Mgandamizo nyuma ya feni unakuwa mdogo mno, na oili inaanza kupenya kwenye pete kuelekea ekzosi.

Mwenye gari la kwanza ana dizeli ya kusambaza mizigo, anazima na kuwasha mara thelathini kwa siku. Nilimuuliza kama anaweza kuahidi kusubiri dakika moja kila kituo. Akacheka. Kwa injini yake kulikuwa na sehemu ya katikati yenye koti la maji, iliyotengenezwa na mtengenezaji yuleyule kwa toleo la baadaye, na mahali pa kuunganishia mipira kwenye bloku palikuwepo, pamezibwa kwa vifuniko. Tukaweka hiyo. Angekuwa dereva wa safari ndefu ningemwambia abaki na ya oili peke yake.

Wa pili alichukua turbo ya aina ileile aliyokuwa nayo, yenye maji. Kilichobadilika ni paipu, bolti na oili. Kwenye jaribio la chombo, ilishuka mfululizo, unene wa kalamu.